Kibuyu cha Koko Silantoi

Mama aliniambia mbele ya mume wangu, kanga mbili juu ya sweta, mikono kwapani: "Nakupa siku moja, Mwanahalima. Jumamosi nitembeze huko unakokusifu. Nikiona cha kunikalisha, nitakaa. Nisipokiona, Jumatatu napanda basi narudi zangu Pangani, na habari hii isizungumzwe tena."

Hasira zangu ziko karibu, mtaa wetu wa Njiro mzima wanalijua hilo. Lakini siku hiyo nilimeza. Bahari imeshakula minazi yote nyuma ya nyumba yetu Pangani, na masika iliyopita maji yalifika kizingiti cha jiko. Mama anaishi humo peke yake tangu baba atangulie mbele ya haki. Kaka yangu Omary yuko Tanga mjini, humwona Ijumaa kwa Ijumaa. Mimi nikisikia tu redio inataja upepo mkali, nampigia simu hapohapo. Nilimtaka kwangu, basi. Yeye tangu afike Arusha kazi ni moja, kulalamika: baridi, samaki wa barafu, nazi zilizosafiri mpaka zikachoka. "Watu wa bara mnakula kama wagonjwa," alisema kila nilipomwekea ndizi.

Jumamosi nikamtia garini asubuhi, nikaendesha mwenyewe. Tulikuwa tunakwenda Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, alikoolewa rafiki yangu Namelok. Barabara yenyewe inakatiza hifadhini, na hapo ndipo nilipoweka matumaini yangu. Mama alikuwa amefumba macho, anavuta tasbihi. Nikapunguza mwendo.

"Mama, tazama kushoto."

Twiga watatu walikuwa kando ya barabara, karibu kiasi cha kuhesabu kope zao. Mama akaiacha tasbihi ikaanguka mapajani. "Subhanallah," akasema. Kisha akasema tena, na tena. Akateremsha kioo, baridi ikaingia yote, hakujali. Twiga mmoja alipoinama kututazama, mama akamwambia, "Waleikum salaam," kama vile ndiye aliyesalimiwa. Nilicheka mpaka nikasimamisha gari.

Kufika Momela, ndiyo kabisa. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wamejaa ziwani, waridi mtupu, na mlima umejitoa mawinguni nyuma yao. Mama alizaliwa ufukweni, maji hayamshangazi, lakini pale alishuka garini akasogea mpaka ukingoni. Baadaye akaniuliza, "Haya maji nayo yana chumvi?" Nikamwambia ni ya magadi. Akatikisa kichwa. "Ala. Kumbe na huku mna bahari yenu, mmenyamaza tu." Nikajisemea, tayari, mama nimempata.

Kwa Namelok tulipokewa na mama mkwe wake, Silantoi, mwanamke mrefu mwenye shanga shingoni. Kila mtu humwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Watoto wa boma walikuja wakainamisha vichwa mbele ya mama yangu. Mama akawapa mkono waubusu, kama kwetu. Wakabaki wameinama. Nikamnong'oneza, "Waguse kichwani, ndiyo shikamoo yao." Akawagusa mmoja mmoja, na wa mwisho akamgusa mara mbili kwa kumpenda.

Kikaja chakula, loshoro: mahindi yaliyochemshwa mpaka yakalainika, yakapoa, yakachanganywa na maziwa mgando. Koko aliyamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu chake kirefu, cheusi, chenye mkanda wa ngozi. Mama akanusa. Nilijua ile pua.

"Maziwa haya yameungua," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Onja kwanza, mama. Usiniaibishe."

Akaonja. Akaonja tena, halafu akala, na akala haswa, akasogeza bakuli kuomba nyingine bila kunitazama. "Kuna moshi humu," akasema, "lakini moshi mtamu. Huu moshi naujua mimi." Koko hakuelewa yote ila alielewa bakuli. Akajaza.

Sasa mama yangu ana tabia moja: hawezi kulishwa kwa watu akakaa kama bibi harusi. Mimi na Namelok tulitoka na Koko kwenda kuona ndama. Tuliporudi, mama alikuwa uani amekunja mikono ya sweta, povu mpaka viwikoni. Vyombo vyote alikuwa ameviosha. Na kibuyu pia. Alikuwa amekisugua ndani kwa sabuni na maji ya moto, amekiinamisha juani kinachuruzika.

"Kilikuwa na masizi ndani, jamani," akasema kwa furaha. "Sasa kinang'aa."

Namelok akaweka mkono mdomoni. Kibuyu kile hakiguswi na sabuni. Husafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, kikasuguliwa ndani mpaka moshi ukaingia kwenye ukuta wake, na ndio ule utamu. Koko alikuja nacho akiwa bibi harusi. Hapo hasira zikanipanda kweli. "Mama, nani alikutuma? Umekwenda kuharibu mali ya watu." Mama alipoelewa, uso ulimshuka. Akasema taratibu, "Nirudishe nyumbani, Mwanahalima." Na nilijua nyumbani gani. Twiga, heroe, loshoro, vyote vikaenda na povu.

Koko akakiokota kibuyu. Akakinusa, akakunja uso. Akamgeukia mama.

"Wewe mama ya Pwani, umeua hii kibuyu," akasema. "Hapa kwangu, aliyeosha ndiye anachoma. Mpaka maziwa ikubali."

Mama akamtazama. "Unakifukiza kwa mti gani?"

Koko akamletea kipande. Mama akakinusa, na uso wake ukabadilika. "Nilisema naujua. Mimi kwetu mtungi wa maji naufukiza kwa ubani, dada yangu. Mdomo unaelekezwa chini, moshi unaingia, ukinywa maji yale hutaki mengine." Akakaa chini kwenye kigoda, akakunja kanga. "Lete huo moto."

Niliwasubiri mpaka jua likaegemea mlima. Kijinga kilikuwa kimebadilishwa sijui mara ngapi, wanabishana kwa Kiswahili cha kila mmoja, wanakohoa, wanacheka. Nilipomwita mama twende, akasema niende tu, kazi haijaisha. Huna hata nguo ya kubadili, nikamwambia. Koko akamtupia shuka jekundu begani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Njiro, nimekaa kitandani kwake, sanduku lake limefungwa miguuni pangu. Nikapiga simu ya Namelok. Akaipokea mama.

"Usinikatize, tunaonja," akasema. "Maziwa bado yana harufu ya sabuni kidogo. Silantoi anasema tuendelee."

"Mama, basi linaondoka."

"Basi gani?" Nikamsikia akimeza kitu. "Niletee chetezo changu na ubani, vimo sandukuni. Halafu mpigie Omary. Mwambie alitoe kabati langu la vyombo, alilete huku kwako kabla bahari haijaingia jikoni."

Nililia palepale, sauti juu, mpaka mume wangu akaja kuniuliza nani amekufa. Kisha nikampigia Omary.