Mkoa Ashuka Mtaani

Jamani, kuna watu wakistaafu hufuga kuku. Mzee huyu alistaafu ukarani wa ofisi ya kata akafuga ngazi za serikali, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Binti yake, kitinda mimba, akawa mtaa. Kaka mtu, kinyozi, akawa kata. Mkewe akawa wilaya. Na yeye, ambaye kazini hakuwahi kuvuka kata hata kwa bahati mbaya, akajipandisha cheo akawa mkoa. Nani angempinga? Wapiga kura wote walikuwa wanakula kwake.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Mtaa ukiwa na jambo unapeleka kata, kata inapeleka wilaya, wilaya ndiyo inaleta mkoani. Hata kama mkoa kakaa hapo hapo sebuleni na maneno yote yanamwingia masikioni, hajasikia mpaka jambo limfikie kwa njia yake. Siku moja kitinda mimba alimwambia uso kwa uso kwamba shati lake linaungua kwenye pasi. Mzee akamuuliza kama kata ina habari. Shati likaungua, naye akalivaa hivyo hivyo, tundu mgongoni, ili utaratibu usije ukaonekana una kosa. Majirani wakamwita Mkoa, akaitika.

Sasa kitinda mimba hakuwa mtoto tena. Alikuwa fundi wa friji, na ghala la baridi la matunda katika mji wa mbali lilikuwa linamtaka kazini. Sharti lilikuwa awape jibu kabla ya saa sita mchana. Akinyamaza, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kazi ya namna hiyo alikuwa akiililia tangu atoke chuo cha ufundi. Lakini ni mtoto aliyelelewa, hawezi kuondoka kwa baba yake kama mpangaji anayekimbia kodi.

Basi asubuhi, wakati wa chai, akamweleza kaka yake. Kaka, ambaye alishaoa na kuhama, na siku hizi huja asubuhi kunywa chai na kuwa kata, akamgeukia mama yake. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Akamgeukia mumewe aliyekaa kiti cha pili, akamweleza upya yale yale ambayo wote walikuwa wameshayasikia mara mbili. Jambo likazunguka sebule nzima kabla chai haijapoa.

Mkoa akakohoa. Akasema jambo limepokelewa, ila lina kasoro: kata ieleze binti atalala wapi huko. Likashuka mpaka kwa binti, likapanda na jibu kwamba ghala lina nyumba za wafanyakazi. Mkoa akataka maoni ya wilaya kuhusu usalama. Wilaya ikasema binti ana akili zake na ngumi zake. Mkoa akaagiza mtaa uhojiwe upya, kwa sababu huenda umebadili mawazo tangu chai imiminwe.

Hapa tusifichane. Kasoro mzee hakuiona hata moja. Miaka yote ya ofisini ilimfunza kwamba jambo usilolitaka hulikatai. Unalirudisha chini kwa heshima zote, linajichokea lenyewe njiani. Na hili hakulitaka, moyo ulimwuma kweli kweli. Binti akiondoka, mkoa utabaki na wilaya moja, nayo haimsikilizi. Nani tena atakuja kumwomba kitu?

Saa nne ikapita, saa tano ikaingia. Binti wa watu akapigwa danadana mpaka akainuka bila neno, akaenda uani kumalizia friji ya jirani. Mzee akafurahi chini chini akidhani amechoka. Alisahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alipotaka kulirudisha jambo chini kwa mara nyingine, mama akauweka ungo mezani.

"Wilaya imefungwa," akasema.

Mzee akauliza imefungwa kwa amri ya nani.

"Kwa amri ya mchele, unataka kupikwa. Unaogopa mwanao kuondoka, nenda kamwambie unaogopa. Usimtume kata."

Kata naye, kuona hivyo, akachukua mkoba wake wenye mashine za kunyolea, akaaga kwamba wateja wanamsubiri. Eti leo ndiyo kakumbuka ana wateja.

Mzee akabaki sebuleni peke yake, mkoa mzima usio na mtu wa kumtuma. Akaitazama saa ya ukutani, akavaa kandambili. Kutoka kwenye kiti chake hadi uani ni kupita mlango wa jikoni tu, lakini njia hiyo hakuwahi kuipita na jambo la kiserikali, na siku hiyo aliiona ndefu. Magoti yalilia, naye akayakaripia.

Binti alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, bisibisi mkononi. Mzee alikuwa amejiandalia kasoro nyingine njiani. Alipomwona tu, ikamtoka kichwani.

"Mama yako anasema naogopa," akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mkoa hauna pingamizi na maoni ya wilaya."

Binti akacheka, akaweka bisibisi chini na kujifuta mikono kwenye suruali. "Baba, si wewe uliyetufundisha kwamba jambo la mtaa liishe mtaani, lisipande juu kusumbua wakubwa? Nimeshawapigia simu. Nimekubali. Nilichokuwa nasubiri ni baraka zako, na hizo hazipiti kata."

Mzee akatafuta pa kukaa, akaona ndoo, akaipindua na kuikalia. Alimwonea binti fahari mpaka ikamwuma, na hakujua mtu anayeumia kwa fahari anaandika wapi malalamiko yake. Akamwita karibu. Akamwekea mkono kichwani, kwenye nywele zilizojaa vumbi la friji ya watu, akambariki hapo hapo kwa sauti yake mwenyewe. Jikoni, sauti ya sufuria ilikuwa imenyamaza; wilaya ilikuwa inasikiliza.

Alipomaliza hakuutoa mkono.

"Sasa, nikikukumbuka," akauliza, "nikitaka kuja kukuona huko, naanzia ngazi gani?"

"Unaanzia mlangoni, baba. Unabisha hodi."

"Hodi tu?"

"Hodi tu."