Aliowabeba Koplo

Baba mdogo alikata shauri bila kumuuliza mtu: wasifu wa marehemu kaka yake atausoma binti wa marehemu, fundi cherehani, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho na ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Fundi hakubisha. Alichukua daftari lake la vipimo vya wateja, akafungua kurasa tupu za nyuma, akaketi na kaka yake kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mazishi yalikuwa kesho yake mchana.

Mambo ya nyumbani yaliandikika yenyewe. Mama yao alifariki akijifungua, yeye pamoja na kichanga, fundi akiwa na miaka minne na kaka tisa. Baba yao, aliyekuwa bado jeshini, aliomba kuacha kazi, akarudi na sanduku la bati na cheo kilichogeuka kuwa jina: mtaa mzima ulimwita Koplo. Ndugu walitaka kuwagawana watoto, huyu kwa shangazi, yule kwa bibi. Koplo akasema, "Kikosi changu hakigawanywi," na maneno yakaishia hapo. Akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la nafaka. Akajifunza kusuka nywele kwa mama jirani, na kila Jumapili akawa anamsuka binti yake mlangoni, wapita njia wakicheka, yeye hana habari nao. Mistari ilinyooka kama gwaride. Akimaliza, anarudi nyuma hatua mbili, anapiga saluti: "Kichwa kiko tayari kwa ukaguzi!"

"Andika na ile ya surua," kaka alisema. "Siku kumi na moja hakutoka pembeni ya kitanda chako."

"Nimeshaandika. Sasa jeshini?"

Kaka alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akakuna kidevu. "Alikuwa dereva. Ndiyo maana na mimi ni dereva. Alikwenda vitani, akarudi. Andika hivyo."

"Miaka kumi na miwili, kaka, mstari mmoja?"

"Yeye mwenyewe alitupa mistari mingapi?"

Hakuwapa hata huo mmoja. Ukimuuliza habari za vita, anakuuliza kama umemaliza kazi za shule. Walichojua ni kwamba mara moja kila mwaka alisafiri siku tatu, "kwenda kupimwa hospitali ya jeshi," na safari hiyo hakuikosa hata iweje. Mwaka mmoja iliangukia siku ambayo fundi alikuwa anapokea cheti chake cha ushonaji. Alikipokea hana hata mtu mmoja wa kumpigia makofi. Alimsamehe baba yake, lakini kwa mdomo tu.

Bado wamekwama hapo, wakasikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mwembamba, mguu wa kulia haukunji, fimbo mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Fundi akampokea mkoba, akamwekea kiti.

"Poleni, wanangu," mgeni alisema. "Nimekuja kumzika dereva wangu." Akaliona daftari. "Mnaandika maisha yake? Mmefika wapi?"

"Vitani, mzee," fundi alijibu. "Hapo ndipo tulipokwama."

Mgeni akaomba maji, akanywa yote, kisha akaongea akiitazama glasi.

"Tulikuwa tunarudi nyuma. Daraja lilipangiwa kulipuliwa saa sita kamili, na upande wetu lilikuwa limebaki lori moja, la baba yenu. Majeruhi kumi na tisa, tumepangwa kama magunia. Mimi nilikuwa wa mwisho kupakiwa, goti limesagika. Aliyebaki chini alikuwa kaka yangu, tumbo moja mimi na yeye. Alikuwa amepigwa risasi mbili kifuani. Baba yenu akalitazama jeraha, akalitazama lori. Springi zimelala kabisa, na ng'ambo ya daraja kuna mlima. Akasema, 'Huyu hapana.' Nilimtukana matusi yote niliyoyajua. Kaka akajikokota, akaushika ubao wa nyuma kwa mikono miwili. Baba yenu akashuka, akambandua kidole kimoja kimoja. Alikuwa analia. Na alikuwa anamwambia taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto: 'Achia, ndugu yangu. Achia mkono.'"

Fundi aliweka kalamu chini. Wodini, asubuhi ile ya mwisho, alikuwa amemshika baba yake mkono, na baba yake, macho juu darini, alimwambia maneno hayo hayo. Fundi alidhani anamuumiza, au amemchosha. Akaachia. Akaweka mikono yake mapajani kama mtoto aliyekanywa. Koplo alikata roho saa moja baadaye, mkono wake umelala peke yake juu ya shuka.

Kaka alisimama. "Mzee, samahani. Umekuja kuzika au kufukua?"

"Kaa, mwanangu. Sijamaliza." Mgeni hakupandisha sauti. "Wote kumi na tisa tulifika. Wawili walifia hospitali, kumi na saba tukapona. Mimi niliapa nikipata nguvu nitamuua. Akanitangulia. Alikwenda nyumbani kwetu peke yake, akamweleza mama yangu kila kitu, hakuficha hata vile vidole. Mama akamfukuza. Mwaka uliofuata akarudi, tarehe ileile. Miaka sita anasimama uani, anasema shikamoo, haitikiwi. Anaziba paa linapovuja, anapasua kuni, anaondoka. Mwaka wa saba mama akamtolea kiti."

"Alimsamehe?" fundi aliuliza.

"Sijui. Alimtolea kiti."

"Na wewe, mzee?"

Mgeni aliizungusha fimbo kiganjani. "Mama alipofariki, aliendelea kuja kwangu. Tunakaa, tunanyamaza, anaondoka. Safari hii tarehe ilipita sikumwona. Nikajua. Nikaulizia jeshini, wakaniambia."

Fundi akamuuliza tarehe. Ilikuwa tarehe ya kile cheti.

Mgeni alipopelekwa kupumzika, ndugu wawili walibaki wanatazamana.

"Hayo hayasomwi," kaka alisema. "Mbele ya majirani, mbele ya wanangu? Thubutu."

"Nikiyaruka, yule aliyeachwa darajani anaachwa mara ya pili."

"Aliyemwacha si baba yako! Baba yako ni aliyekusuka nywele!"

"Ni huyohuyo mmoja, kaka."

Siku ya pili jeshi lilituma askari wawili na bendera. Fundi alisoma amesimama kando ya kaburi. Penye surua na saluti za Jumapili watu walicheka huku wakifuta machozi. Penye lori, vicheko vilikatika. Mama mmoja alisema, "Mungu wangu," na mtu wa nyuma akauliza kwa hasira nani kamruhusu. Baba mdogo alimvuta fundi gauni ili aruke sehemu hiyo, hakuruka. Kaka aligeuka akatazama miti mpaka mwisho. Mgeni, zamu yake ilipofika, alikataa kushikwa mkono, akachota udongo kwa koleo mara mbili. Kisha akaomba apelekwe kituoni, hakutaka kulala.

Jioni, watu wametawanyika, ndugu wawili walikuwa wanakusanya viti vya kukodi. Tangu makaburini kaka hakuwa amemsemesha.

"Springi zilikuwa zimelala, alisema?"

"Alisema."

"Na mbele mlima."

"Ndiyo."

Kaka alibeba viti vitatu, akasimama navyo. "Lori lingerudi nyuma," alisema. "Mtu mmoja zaidi, lingeshindwa mlima, likarudi nyuma na wote." Akafikiri. "Au lingepanda. Mimi nimewahi kupandisha lenye mzigo mzito kuliko huo. Hakuna anayejua. Hata yeye hakujua."

Viti vikamponyoka. Akakaa palepale chini, mtu mzima, dereva wa nchi tatu, akalia kwa sauti, yeye ambaye wiki nzima hakudondosha hata chozi. Fundi alimwacha alie. Aliviokota viti, akavipanga ukutani na vingine, kisha akaja kukaa karibu naye.