Saa Isiyo na Mkwaruzo

Fundi saa alikuwa anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa kichwani mwake. Mtunza stoo alimwacha aitafute. Siku nyingine angecheka, angemwambia, "Mzee, hebu gusa utosi wako." Leo hata mzaha wa bure ulimshinda. Alikaa tu kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, mkoba mapajani, macho yanamwasha kwa usingizi wa miezi saba. Kule hospitali, ambako yeye ndiye anayeshika funguo za stoo ya dawa, alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja, na robo yake ilikwishaliwa na hiyo miwani.

"Ahaa!" fundi akasema, akaishusha puani kana kwamba ameiokota barabarani. "Sogea uone, mama."

Saa ya baba yake ilikuwa imelala vipande vipande juu ya kitambaa cheupe. Mashine ilikuwa chini ya kifuniko cha kioo, mishale kwenye kisahani, mkanda wa chuma umekunjwa pembeni. Kasha lenyewe lilikuwa tupu.

"Mashine nimeimaliza. Nimeiosha, nimeitia mafuta, inatembea vizuri sana. Limebaki neno moja, na la kuambiana kwenye simu si hilo. Kasha hili nilipige polishi, au niliache na makovu yake? Nataka jibu sasa, maana nikishairudisha mashine ndani, sifungui tena mpaka miaka mitano."

"Lipige polishi."

"Ebo! Usiseme kama unaagiza chai, mama." Fundi akavuta kigoda chake karibu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hayo ya polishi ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. "Watu wanadhani kung'arisha ni kufuta. Si kufuta, ni kukwangua. Mkwaruzo ni shimo, na mimi siwezi kulifukia shimo. Nitakalofanya ni kushusha chuma chote cha pembeni mpaka kilingane na shimo. Chuma hicho hakirudi. Hizi kingo zilizokatwa kwa ustadi namna hii zitalegea, zitakuwa kama kipande cha sabuni cha wiki iliyopita. Mjuzi wa saa akiishika atauliza ni nani kaidhulumu hivi, halafu atakutajia nusu ya bei."

"Siuzi."

"Afadhali. Sasa tazama hapa." Akageuza kasha kwenye mwanga. Ubavuni palikuwa na bonde refu, jeusi kwa ndani. "Hili si la kugonga meza. Hili ni nondo."

Ni nondo kweli, na mtunza stoo aliijua siku yake. Baba yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa madaraja. Daraja lake la kwanza lilipokwisha, kampuni iliwapa wasimamizi saa hizi za watu wakubwa. Wenzake wakazifungia kabatini. Yeye akaivaa, akaenda nayo kwenye zege na mawe miaka arobaini, na mkewe akilalamika anajibiwa kwamba saa ni ya mkononi, si ya kabatini. Siku ya nondo, mtunza stoo alikuwa msichana wa darasa la sita. Ndiye aliyeshika beseni la maji mama yake alipokuwa anamfunga baba kitambaa, na baba alikuwa anacheka, eti saa imeumia zaidi yake. Kila jambo la nyumba yao lilikuwa limeandikwa kwenye kile chuma, na yeye ndiye anayetaka likwanguliwe. Unadhani alifurahi?

Lakini sikiliza kilichomfikisha hapo. Miezi saba nyuma, akili ya mzee ilianza kurudi kinyumenyume. Daktari aliupa ugonjwa jina refu, akasema wasibishane naye. Mzee akaangukia kwenye mwaka ambao saa ile ilikuwa mpya, akakaa huko. Asubuhi moja akatazama mkono wake, akasema, "Hii si yangu."

"Ni yako, baba."

"Yangu ni mpya. Yangu haina mkwaruzo hata mmoja. Nani kanibadilishia?"

Na katika nyumba ile, nani mwenye funguo? Ndipo ilipoanza. "Mwizi! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, ananiibia!" Alisimama dirishani akapaza sauti, na mzee huyo, mwili wote umekwisha, sauti haijapungua hata chembe. Siku ya kwanza mtunza stoo alicheka. Wiki ya pili alimletea picha za zamani. Wiki ya tatu alimgeuzia saa nyuma, palipochongwa jina lake. Mzee alivaa miwani, akalisoma jina herufi kwa herufi, akatikisa kichwa. "Na jina mmelichonga. Mna akili ninyi."

Majirani nao ni watu, wana masikio. Mama wa nyumba ya pili alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole wote wa dunia, "Kama ulikuwa na shida, si ungesema, mwenzangu?" Shangazi, dada wa mzee, aliyekuwa anakuja kushinda naye mchana, siku moja alikutwa amepiga magoti chumbani kwa mtunza stoo, ameinua godoro, anatafuta saa mpya. Hakuona haya, alisema alikuwa anafagia. Na mlinzi wa hospitali, aliyezoea kumpungia mkono tu, wiki iliyopita aliomba kumpekua mkoba. Huenda ilikuwa zamu ya kila mtu kupekuliwa. Huenda. Yeye alikwenda msalani akalia, kisha akanawa uso akarudi kugawa dawa.

Simu ikalia pale kwa fundi. Alikuwa kaka yake, aliyekuwa anaishi mbali, mwenye sauti ya kuamrisha hata pale asipokuwapo.

"Shangazi ananiambia unataka kuipiga msasa saa ya mzee! Usithubutu!"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usithubutu, nakwambia. Ile saa ni historia. Kila mkwaruzo pale una kisa chake."

"Nitajie kimoja."

Kaka akasema kwamba hilo silo suala. Suala ni urithi.

"Urithi wa nani? Mwenyewe yu hai, amekaa kibarazani ananiita mwizi."

"Basi mnunulie ya bandia inayong'aa. Atajuaje?"

"Nilimnunulia. Aliipima uzito mkononi, akaniambia, 'Sasa umeniletea ya mwanasesere.' Siku hiyo alinitukana mara mbili zaidi." Akahamishia simu sikio la pili. "Kaka, njoo ukae naye wiki moja. Moja tu. Ukimaliza, utakachosema kuhusu saa nitakifuata."

Kaka akasema mtandao unasumbua.

Fundi alijifanya anapangusa kioo, lakini kitambaa kilikuwa kimesimama. "Kila siku anakuita hivyo?" akauliza.

"Akilala ananipumzisha."

"Na akiiona inang'aa?"

"Ataniacha." Akausogeza mkoba mapajani. "Fundi, nimechoka. Sina nguvu za kutunza historia ya mtu yeyote. Nataka baba aniangalie mara moja tu asione mwizi. Basi."

Fundi alijikuna kidevu. Kwa jinsi anavyoichukia polishi, mtu angedhani anaombwa kumnyoa mtoto wake. "Niliache lile moja la nondo? Liko ubavuni, huenda asilione."

Mtunza stoo alipitisha kidole gumba kwenye bonde lile, akapitisha tena. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Ilimuuma hasa.

"Atalipapasa," akasema. "Liondoe nalo."

Siku ya nne, Jumamosi, akaifuata. Jamani, fundi alikuwa fundi! Saa ilikuwa inameta kama haijawahi kuliona jua. Kingo zilikuwa zimelainika kidogo, kweli, lakini ungehitaji kuwa fundi mwenyewe ili ulione hilo. Alimkabidhi bila porojo, akamwambia amsalimie mzee.

Mzee alikuwa kibarazani, shangazi kando yake anachambua mchele. Mtunza stoo alipiga magoti, akamvua ile bandia aliyovishwa kwa muda, akamfunga saa yake, kishikizo kikalia ta. Kisha akakaza mwili kungoja matusi, maana mwili nao huzoea.

Mzee aliinua mkono, akaugeuza polepole. Akapapasa ubavu mmoja, akapapasa wa pili. Akaiweka sikioni. Shangazi aliacha kuchambua.

"Enhee!" mzee akasema. "Enhee! Hii ndiyo. Hii ndiyo saa yangu!" Akacheka, kicheko chake kile cha zamani cha kwenye zege, na machozi yakamtoka. Shangazi akaweka ungo chini, akamshika mtunza stoo bega. "Nisamehe, mwanangu," akamnong'oneza. "Nilikudhania vibaya." Mtunza stoo akatikisa kichwa, yamekwisha, yamekwisha. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba mabega yake yalishuka. Alitamani kwenda kulala pale pale, na viatu vyake miguuni.

"Umeipata wapi, dada?" mzee akamuuliza.

Alidhani anamuuliza shangazi. Lakini mzee alikuwa anamtazama yeye, kwa macho ya upole kabisa.

"Kwa fundi," akajibu.

"Kumbe watu waaminifu bado wapo. Mwingine angeokota kitu kama hiki akakaa nacho kimya." Akasogea kwenye benchi, akampangusia nafasi kwa kiganja. "Inuka hapo chini, dada yangu, utachafua nguo. Kaa huku."

"Baba, ni mimi."

Mzee akatabasamu kwa heshima, kama mtu anayepokea salamu nzuri kutoka kwa mgeni. "Umelelewa," akasema. "Wazazi wako wazima?"

Shangazi akageuza uso. Mtunza stoo alibaki amepiga magoti pale pale. Miezi saba alikuwa ameitwa mwizi, lakini alikuwa mwizi wa nyumba hii, mtoto wa mzee huyu, aliyetukanwa na baba yake kama mzazi anavyomtukana aliyemzaa. Hakujua kwamba hilo lilikuwa kitu cha thamani. Angejua, angeiacha saa ile na mabonde yake yote, akatukanwa mpaka mwisho.

"Mama amefariki," akasema hatimaye. "Baba yupo."

"Mtunze," mzee akasema. "Lakini usiondoke kwanza. Nina binti yangu mdogo, yuko shule. Nataka akirudi akusalimie, akushukuru kwa mdomo wake. Tangu saa ipotee hana raha, masikini, anadhani nimemkasirikia."

"Umemkasirikia?"

"Yule?" Mzee akashangaa. "Yule ndiye macho yangu."

Mtunza stoo akainuka sakafuni, akakaa pale palipopanguswa.

"Anarudi saa ngapi?"

Mzee akauinua mkono, akaisoma saa yake kwa makini, bila haraka yoyote.

"Bado kidogo tu," akasema. "Tumngoje."

Wakamngoja.