Mfupa Ulio Karibu na Ngozi

Hadiya hakulia. Alipopigiwa simu Molo, alikokuwa akifanya mazoezi ya kazi katika idara ya viungo ya hospitali, aliuliza tu kama mama alikuwa ameshanyooshwa. Upande wa pili wa simu, mama mdogo Ruqaiya alinyamaza katikati ya kwikwi. Swali gani hilo kwa mtoto aliyefiwa? Lakini ndilo lililomjia. Mtu akikata roho, viungo vyake hulainishwa kabla havijakakamaa: mikono inakunjwa na kukunjuliwa, magoti vivyo hivyo, kidevu kinafungwa, kisha analazwa kuelekea kibla. Waislamu wa mtaa wao wa Bondeni hulijua hilo tangu utotoni. Hadiya alilijua kwa dini na akalisoma tena kitabuni, na siku ile hakuna upande uliomsaidia.

"Ameshanyooshwa," Ruqaiya akasema. "Presha imempiga baada ya swala ya alfajiri, hata hakuteseka. Wewe kuja haraka. Tunakungoja umwoshe mama yako."

Akaenda. Alivua koti jeupe, akalikunja vizuri kama vile kesho angelivaa tena, akamuaga msimamizi wake na kutoka. Watu walimpa pole naye akawaambia asante. Hakuhisi kitu. Ilikuwa ni kama ganzi ya daktari wa meno, ila hii ilikuwa imeshuka mwilini hadi kwenye vidole vya miguu.

Maimuna, mama yake, aliachia shule darasa la sita, lakini ndiye aliyemfundisha Hadiya mifupa. Au tuseme, ndiye aliyekuwa mifupa yenyewe. Chuoni kulikuwa na kiunzi kimoja tu cha plastiki, tena kimepoteza mkono, na darasa zima lilikigombania kama nyama ya Idi. Basi kila Jumamosi Hadiya akija nyumbani, Maimuna alikuwa akijinyoosha kwenye mkeka wa sebuleni, anafumba macho na kusema, "Haya, daktari, anza."

"Clavicle."

"Huo ni mtulinga."

"Scapula."

"Kombe la mkono. Endelea."

"Patella."

"Pia ya goti! Kwani nyinyi watu wa vyuo mnalipa karo muambiwe vitu viko na majina?"

Hadiya akashuka hadi nyuma ya mguu, akabonyeza. "Gastrocnemius."

Maimuna alifumbua jicho moja. "Mungu wangu. Jina refu hivyo, na ni shavu tu la mguu?" Akacheka hadi tumbo likatikisika, na Najwa, mdogo wake Hadiya, akatoka jikoni kuja kuuliza kulikuwa na nini.

Jumamosi moja walifika mkononi. Ulna ni mfupa wa kigasha unaoanzia kwenye ncha ya kiwiko na kuteremka upande wa kidole kidogo. Hauna nyama ya kuuficha. Ukiutembezea kidole utauhisi wote, kutoka juu hadi chini, kwa kuwa uko karibu kabisa na ngozi. Kidole cha Hadiya kiliteremka kwenye mkono wa kushoto wa mama yake, na katikati kikapanda kijivimbe kigumu, kidogo kama punje ya mahindi.

"Hapa palivunjika?"

"Zamani. Nilianguka nikiwa msichana." Maimuna alivuta mkono wa dera ukafunika. "Rudi kwa miguu, chai inapoa."

Hadiya akarudi kwa miguu.

Kulikuwa na kiungo kingine ndani ya nyumba ile kilichohitaji mikono yake. Bashir, baba yake, ni fundi wa malori kule Salgaa, na bega lake la kulia lilikuwa limeganda. Halikuvunjika wala kuteguka. Liliganda tu, jinsi mabega ya watu wa umri wake huganda, mpaka mkono ukawa haupandi kupita kifua. Hakuweza kujikuna kisogo. Kanzu alivishwa na mkewe. Ijumaa msikitini, akiinua mikono kwa takbiri, mkono mmoja ulifika sikioni na mwingine ukabaki njiani, na jambo hilo lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Hadiya akalishika bega lile kama mtihani. Kila Jumamosi alimpaka baba yake mafuta, akamkanda, akamvuta, akamfundisha kutambaza vidole ukutani. Bashir alipiga kelele, akatukana kidogo, akaomba msamaha, kisha akawaambia majirani kwamba binti yake anawashinda madaktari wa mji mzima. Hadiya alivimba kichwa, na nani asingevimba?

Maimuna peke yake hakushangilia. Alikuwa akiwaletea maji ya moto na taulo, anasimama mlangoni, anatazama. Siku moja alimfuata Hadiya jikoni akamwambia kwa sauti ya chini, "Hilo bega nalo, usijichoshe sana, mwanangu. Hakuna haraka."

"Mama, karibu linapona."

"Najua. Nasema tu hakuna haraka."

Hadiya alidhani mama anamwonea huruma kwa ajili ya uchovu wa masomo. Akaongeza bidii. Baada ya Ramadhani mkono ukapanda wote, ukanyooka juu ya kichwa, na Bashir akasimama kwenye stuli kubadilisha balbu ya sebuleni ijapokuwa haikuwa imeungua. Muda si mrefu baadaye, Maimuna alifungua mlango akiwa amefunga bandeji kwenye mkono wa kushoto. Alisema ameteleza bafuni. Hadiya akamwambia aende apigwe picha, Maimuna akasema ni maumivu tu ya nyama, na maneno yakaishia hapo.

Sasa maji yalikuwa tayari. Walikuwa wamemlaza chumbani, amefunikwa shuka, na harufu ya majani ya mkunazi ikijaa mlangoni. Ruqaiya alimwaga maji kwa kopo, Hadiya akaosha kwa kitambaa chini ya shuka, upande wa kulia kwanza kama inavyotakiwa. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Humerus. Radius. Mbavu. Nyonga. Majina yalipita kichwani bila sauti, na kila jina likavuta la mama yake nyuma yake: pia ya goti, shavu la mguu. Hakulia. Alifikiri labda yeye ni mtu mbaya.

Wakaja upande wa kushoto. Kitambaa kiliteremka kutoka kiwikoni, kidole chini yake. Kile kijivimbe cha punje ya mahindi kilikuwa pale pale. Chini yake kidogo palikuwa na kingine, kikubwa zaidi, chenye kukwaruza. Mfupa ambao ulikuwa bado unajiunga.

Hadiya alirudisha kidole juu, akateremka tena. Radius, mwenzake wa pembeni, ulikuwa mzima.

Muhula ule waliosoma mkono, Madam Wawira, mwalimu wao wa mifupa, alikuwa amesimama mbele ya darasa akainua kigasha chake mbele ya uso, kama mtu anayejikinga. "Ulna ikivunjika hapa katikati na radius ni mzima," alisema, "usimuulize mgonjwa alianguka wapi. Muulize ni nani alimpiga." Wanafunzi wakacheka kwa jinsi alivyojikunyata. Hadiya naye akacheka. Swali hilo likaja kwenye mtihani na akalijibu vizuri.

Maji yalikuwa yameacha kumwagika. Alipoinua uso, Ruqaiya alikuwa ameshika kopo hewani, akimtazama kidole.

"Osha, mwanangu," alisema Ruqaiya.

"Mamdogo, hii ya pili ni juzi tu."

"Osha. Anayeosha anasitiri. Chenye umeshika hapa kinazikwa na yeye."

Hadiya akaosha. Walimsuka nywele mikia mitatu, wakampaka kafuri, wakamvika sanda. Wanaume wakaja kumchukua, Bashir mbele kabisa, jeneza likiwa juu ya bega la kulia.

Siku zilizofuata Hadiya alipika uji, akapokea wageni, akakunja mikeka na kuikunjua. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na hesabu moja tu iliyokuwa ikijirudia, na haikuhitaji elimu ya chuo. Bega lilipoganda, nyumba ilitulia. Bega lilipopona, mfupa ulivunjika. Aliyeliponya ni yeye. Alingoja jambo hilo limchome na halikumchoma, likakaa tu pale kama jiwe kwenye kiatu cha mtu mwingine.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wazee wakakaa na kupanga. Hadiya angerudi Molo kumalizia mazoezi. Najwa, aliyekuwa kidato cha tatu, angebaki na baba yake ampikie na kumwangalia, maana mwanamume hawezi kuachwa peke yake na msiba. Kila mtu aliona ni sawa. Najwa aliangalia chini akasema ndiyo. Hadiya alimtazama mdogo wake, shingo nyembamba ndani ya mtandio mweusi, akajua kwamba akipanda gari bila kusema neno, basi amesema.

Hakujua neno lenyewe ni lipi. Alikuwa ameapishwa kimya na maji ya kuoshea mama yake.

Alasiri wageni walipoondoka, Bashir alikaa kwenye kochi akafungua vifungo vya shati. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimlilia mkewe kwa kweli, na hilo ndilo lililomchanganya Hadiya zaidi.

"Hadiya, hebu kuja. Hii bega inaniuma tangu nibebe jeneza. Iguse kidogo, mama."

Akaenda. Alisimama nyuma yake, akatia mafuta viganjani, akaweka mikono. Deltoid, msuli mnene unaofunika bega. Supraspinatus chini yake, ule mdogo unaoanza kuinua mkono kabla mingine haijaamka. Aliujua kila uzi. Ruqaiya alikuwa kwenye kiti cha pembeni na tasbihi yake.

"Iko sawa," Hadiya alisema. "Imechoka tu."

"Si nilikuambia? Hii mkono imerudi kabisa." Bashir alijifuta macho kwa mkono wa kushoto, kisha kwa fahari ile ile ya siku ya balbu akainua wa kulia wote, kiganja wazi, juu ya kichwa. "Ona vile inafika!"

Najwa alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia ya chai, yuko hatua moja kando yake.

Sinia ilianguka. Vikombe vikapasuka sakafuni na chai ikatiririka hadi chini ya kochi. Najwa hakuviangalia. Alikuwa amejikunja, kichwa chini, kigasha cha kushoto kimeinuliwa mbele ya uso, vile vile kabisa alivyofanya Madam Wawira mbele ya darasa lililocheka.

Hakuna aliyecheka. Bashir ndiye aliyejaribu. "Sasa huyu anaogopa nini?" aliuliza, na mkono ulikuwa bado juu.

Hadiya aliondoa mikono begani. Alijifuta mafuta kwa leso, kidole baada ya kidole.

"Najwa. Chukua nguo zako na vitabu."

"Tunaenda wapi, siz?"

"Molo."

"Nani amesema?" Bashir alishusha mkono. "Hadiya, nani ameamua hayo mambo kwa hii nyumba?"

"Hadiya." Ruqaiya alikuwa amesimama, tasbihi imekazwa ngumini. "Yale tuliona kule ndani..."

"Sitara ni ya maiti, Mamdogo. Baba yuko hai."

Bashir alimtazama Ruqaiya, Ruqaiya akatazama vipande vya vikombe, kisha akainama kuviokota. Alipopita karibu na Najwa alimsukuma taratibu kuelekea chumbani. "Enda, mwanangu. Beba na sweta. Huko ni baridi," alisema bila kuinua uso.

Bashir alifunga vifungo vyake kimoja kimoja. Alionekana mzee ghafla, na kama angesema neno lingine, lolote lile, huenda Hadiya angeyumba.

"Na hii bega?" akauliza.

"Usipoifanyisha mazoezi itaganda tena."

"Na nani atanifanyisha?"

Hadiya alikwenda kumsaidia mdogo wake kufunga begi.

Chumba alichopanga Molo kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha lililokataa kufungika. Najwa alijilaza chali, mtandio umeteremka mabegani, akatazama dari. Mwishowe Hadiya alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono wa kushoto, akapandisha sweta hadi kiwikoni. Najwa hakuuvuta. Alijua kilichokuwa kikitafutwa.

"Ulna," Hadiya akasema.

"Mfupa wa kigasha," Najwa akajibu, kwa sauti ya mama yao.

Kidole kikaanza kwenye ncha ya kiwiko, kikateremka polepole. Kilipita katikati. Kikaendelea hadi kwenye kifundo cha mkono, na mfupa ulikuwa laini, umenyooka wote, hakuna mahali palipokwaruza. Hadiya akarudi juu, akateremka tena kuhakikisha, na hapo ndipo alipolia.