Sauti ya Osea Kwenye Santuri

Mtu akiniambia CD ni bora kuliko santuri, huwa sibishani naye, nampisha aende zake. Santuri ya baba nimekua nayo. Ni ile ndogo ya nyimbo mbili, karatasi ya katikati imeshabanduka, inakwaruza kama mahindi yanayokaangwa. Ndani yake anaimba Osea, baba yangu, mwimbaji wa bendi moja ya jazi iliyokufa zamani hapa Mbozi. Alifariki mimi nikiwa natambaa, mdogo wangu Goodness akiwa bado tumboni. Hakuacha picha hata moja. Kwetu sisi, santuri ndiyo baba.

Kijijini kwetu Isansa hatukuwa na umeme. Betri mpya zilikuwa za tochi. Zikichoka ndipo zinakuwa za gramafoni. Tulizianika kwenye kichanja, katikati ya kahawa, zipate nguvu kidogo, na kila Jumapili baada ya kanisa tulizitumbukiza kwenye gramafoni. Baba akaimba kwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu mzima asiye na haraka. Niliipenda sauti ile mpaka nikaiga. Kwenye kwaya niling'ang'ania sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, ingawa mwalimu alinisihi nihamie ya tatu kabla koo halijanipasuka.

Mwaka 2012 Goodness akaja kutoka Tunduma, anakouza vitenge, akiwa na CD. Kampuni fulani ya Ulaya ilikusanya nyimbo za bendi za zamani, ikazisafisha na kuzitoa upya, na wimbo wa baba ulikuwemo. Alileta na redio yake ya CD, yenye betri mpya kabisa.

"Kaka Lusubilo, leo utamsikia baba bila mikwaruzo."

"Mimi mikwaruzo haijawahi kunisumbua," nikamjibu.

Tukaanza na santuri, kwa betri zetu zilezile, ili haki itendeke. Kisha CD. Gitaa likatoka mbio, safi, kila uzi unasikika peke yake. Halafu akaanza kuimba mtoto. Sauti nyembamba, nyepesi, utadhani anazuia kicheko.

Nikapandwa na hasira. "Huyu nani? Hawa wamesafisha mpaka wamemfuta mzee! Zima, Goodness, kabla sijaitupa kwenye migomba."

"Usizime," mama akasema kutoka mlangoni.

Mama hana kawaida ya kunipinga. Aliweka chini ungo wake wa maharage, akaja kuketi karibu na redio, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndiye," akasema. "Osea ndiye huyu."

"Na wa kwenye santuri ni nani, mama?"

"Ni betri zenu, mwanangu. Betri ya kuanika itakimbiza nini? Santuri inajikokota, na yeye anajikokota nayo, sauti inakuwa nzito."

Goodness akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza mama kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo.

"Ningewaambiaje? Mlikuwa mnafurahi, mnaita baba, baba." Akaigusa redio. "Alipougua, ulimi wake ulikuwa mzito. Akawa anaongea hivyohivyo, polepole, kwa sauti ya chini, mpaka alipotuacha. Kila Jumapili mlikuwa mnaniletea mgonjwa wangu."

Goodness aliacha kucheka, akamshika mama mkono.

"Rudia," mama akasema.

Wimbo ukaanza upya. Mama akawa anatikisa bega moja, taratibu, huku anatabasamu kama hatupo.

"Alikuwa na umri gani hapo?" nikamuuliza.

"Ishirini. Ndiyo kwanza ananichumbia."

Ishirini ni umri wa Rabson, kifungua mimba wangu, ambaye bado namfokea akisahau kufunga mbuzi. Maisha yangu yote nilimwegemea mzee mwenye sauti nzito, kumbe mzee huyo hakuwahi kuwapo. Aliyekuwapo ni huyu kijana, anaimba kwa furaha, hajui kama ataugua. Nilimwonea uchungu kama mwanangu wa kumzaa, nikalia mbele ya mama na mdogo wangu bila kuona haya.