Baraka ya Mchungaji Malizieni

Joho lilikataa kukaa. Binti alikuwa fundi cherehani, akalipunguza mabegani, akalipunguza na ubavuni, na bado baba yake alipotelea ndani yake. Kiharusi kilikuwa kimemla mzee nyama, kikamlegeza mkono wa kulia, kisha kikamwibia maneno. Dunia nzima imejaa wapayukaji, ugonjwa ukaenda kuchukua maneno ya mchungaji! Fundi alikata uzi kwa meno, amekasirika kama mtu aliyegombana na jirani.

Ilikuwa Jumapili ya kumuaga. Ujana na uzee wake wote mzee alikuwa ameuacha katika kanisa lile moja la Kipresbiteri, na mtaa mzima ulimwita Mchungaji Malizieni. Sababu ni kwamba hakuwahi kumaliza sentensi peke yake. Alikata maneno katikati, akaweka kiganja cha kulia sikioni, akasubiri waumini wamalizie. Wasipojibu, hasogei. Sufuria ziliungua majumbani, watu wazima wakakosa hata nafasi ya kusinzia, na wenye ndimi kali wakasema mchungaji ni mvivu, anawagawia kazi yake.

Wala hawakukosea sana. Alipofika mara ya kwanza, aliwakuta watu wamekaa kimya kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari, wakiamini kwamba maneno ya Mungu ni ya mwenye joho tu. Jambo hilo lilimuuma.

"Nikiondoka hapa na maneno yote mdomoni mwangu," aliwahi kumwambia binti yake, "nitakuwa nimefanya kazi gani?"

Basi akawagawia kidogo kidogo, mpaka fundi bomba, muuguzi na mama muuza nyanya wakawa wanaongoza sala bila magoti kugongana.

Kitu kimoja tu hakukikata kamwe: baraka ya kufunga ibada. Hiyo, kwa utaratibu wa kanisa lao, hutoka kinywani mwa mchungaji, na mlinzi wa utaratibu alikuwa mkuu wa wazee wa kanisa, mzee mnyoofu kama rula, ambaye watu walimwita Kanuni. Kanuni huyo alikuwa amekuja nyumbani, akakataa hata kukaa, akapendekeza kwamba mchungaji mpya aitoe baraka. Mgonjwa alitikisa kichwa, akajigonga kifuani kwa mkono wa kushoto. Wakabishana hivyo, mmoja kwa maneno na mwingine kwa kifua, hadi wakaafikiana: mzee atajaribu, akikwama, Kanuni atamwashiria mchungaji mpya amalize.

Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Kila alasiri alisimamisha cherehani wakafanya mazoezi. Siku nyingine baraka ilitoka nzima, siku nyingine mzee alibaki akitafuna hewa. Alichoogopa fundi ni kimoja: kwamba watu watasahau miaka yote ile ya kazi, wamkumbuke baba yake kwa kule kutafuna hewa.

Ibada ilikwenda vizuri. Wakaimba, wakamsifu, wakamkabidhi saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu anahitaji kujua amechelewa. Kisha mzee akapanda mimbarini akishikilia ukingo, joho likimpwaya licha ya kazi yote ile. Kanisa likatulia.

"Mungu awatangulie," akasema, taratibu lakini wazi.

Halafu kimya. Midomo ilicheza, sauti haikuja. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Fundi, kwenye benchi la mbele, alishika ukingo wa benchi mpaka vidole vikauma. Angeweza kumwambia neno linalofuata, lakini ingekuwa aibu ileile kwa mlango mwingine. Akamwona Kanuni akiinuka. Mchungaji mpya naye akajiweka sawa, tayari kuitwa. Basi, fundi akajisemea moyoni, imekwisha.

Kanuni hakumtazama mchungaji mpya. Aliwageukia waumini, mnyoofu vilevile, akainua kiganja cha kulia, akakiweka sikioni.

Watu walimkodolea macho kwa muda. Kisha mama muuza nyanya akaanza, "njiani," na kanisa zima likadaka. "Awakute mezani!" Waliijua yote. Hakuna aliyewahi kuwafundisha, walikuwa wameizoea tu Jumapili baada ya Jumapili, na sasa waliitoa kwa sauti iliyotikisa vioo vya madirisha. "Na mkilala..."

Kanuni akanyoosha mkono kuwazuia. Wakanyamaza ghafla. Akageukia mimbari, akaweka tena kiganja sikioni, safari hii akimsubiri mchungaji. Kanisa zima likafuata, mikono masikioni, kuanzia benchi la mbele hadi mlangoni. Mzee aliwatazama watu wake. Machozi yakamtoka, na hapo hapo akacheka.

"Awe macho," akasema.

Fundi alilia kwa furaha bila kujificha. Nje, akamsogelea Kanuni na kumuuliza kama mambo yale yalikuwa ya utaratibu kweli.

"Utaratibu unataka baraka imalizwe na mchungaji," Kanuni akajibu, huku akifuta miwani iliyolowa. "Haya niambie, mwanangu, imemalizwa na nani?"