Komeo la Chumba cha Mashine

Chumba cha mashine ya kuonyeshea picha cha sinema yetu ya mjini kilikuwa na komeo kwa nje. Mwenye sinema alilitia baada ya fundi wa kwanza kushuka kutazama picha na watu, mkanda ukaungua. Tangu hapo fundi alifungiwa mpaka picha iishe na taa za ukumbini ziwashwe. Baba alifungiwa humo, kisha mimi, tukichungulia kupitia kitundu kisichozidi kiganja, tumelowa jasho chapachapa. Yule mwenye sinema Mungu amsamehe, mimi bado.

Sasa sinema ni duka la magodoro. Jana mke wangu alinikokota hadi pale. Mwenye duka akanikaribisha nipumzike juu, kwenye chumba kile kile, ambacho siku hizi ni ofisi yake. Komeo waliling'oa zamani. Mlango wenyewe ni wa kioo. Akaniachia kiti, akashuka kuuza.

Mke wangu akachagua godoro, akalipakia, akanisubiri mpaka akachoka. Alipopanda alinikuta nimekaa wima, nautazama mlango.

"Mzee wangu, mbona hushuki? Mlango si uko wazi?"

"Naona," nikamjibu kwa hasira. "Lakini taa hawajawasha."